Sifa ya Mti Uvumiliao Kiu

Yako mambo ambayo watu huyatenda kila siku bila ya kuyahesabu katika mambo ya wema na ubaya. Mtu achaguapo rangi ya kupaka nyumba yake haulizwi kama ametenda haki, wala achaguapo kitambaa cha kushona kanzu. Kupanda bustani kumewekwa katika fungu hilo hilo. Husemwa ya kuwa kiwanja ni chake, jembe ni lake na macho ya kutazama ni yake; basi na apande apendacho. Mimi naona vingine. Katika nchi kame, mtu ashikapo mche mkononi na kujiuliza aupande au auache, amekwisha ingia katika swali la haki, apende asipende, kwa kuwa mche ule utaishi kwa kitu ambacho si chake peke yake.

Jambo kama hili likizungumzwa hewani huwa jepesi mno; kila mtu hulikubali na asilitende. Afadhali tulishushe mahali, na mahali penyewe pawe Dodoma. Hapo hunyesha mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka kwa wastani, na karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa, vumbi huinuka, na jua huwa na nguvu ya kukausha maji mengi kuliko yale ambayo mawingu yalitoa. Mwaka 1973 lilikatwa shauri ya kuwa mji huo uwe makao makuu ya Tanzania, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo, watu wengi wamehama pamoja na jamaa zao na vyombo vyao. Pamoja na vyombo hivyo wamehama na picha ya bustani: ukoka mbele ya baraza, waridi kando ya njia, ua wa mimea laini ukatwao sawasawa kwa mkasi. Picha hiyo haikuzaliwa Dodoma. Ukoka wa kukatwa mbele ya nyumba ulikuja na maofisa wa Kiingereza, watu ambao kwao mvua huja bila ya kuitwa. Nasi tulipozichukua nyumba zao tuliuchukua na ukoka.

Hesabu ya ukoka ni nyepesi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ukoka wa mita 100 za mraba, ambao si mkubwa, ukinyweshwa milimita 5 kila siku ya kiangazi ili usigeuke rangi ya mchanga, hunywa lita 500 kwa siku, yaani ndoo 25 za lita 20. Kiangazi cha siku 200 kikiisha umekwisha kunywa ndoo 5,000. Mjini Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2018, mabwawa yalipokaribia kukauka, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku kwa ajili ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa kipimo hicho ukoka wetu hula posho ya watu kumi, na wenyewe hauliwi, hauwaki jikoni, wala hautoi kivuli cha kumfunika kuku.

Na maji yenyewe hutoka wapi? Kwa miaka mingi mji wa Dodoma umeyategemea maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Usawa wa maji ya chini ya bonde hilo umepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Wataalamu walipoitazama kumbukumbu ya miaka 55 na kutoa habari zake mwaka 2013, walionyesha jambo la kustaajabisha: maji yale hayajazwi sawasawa mwaka kwa mwaka. Mvua ya kawaida huishia juu juu, ikarudi angani kwa njia ya jua na ya majani ya miti. Kile kifikacho chini hufika hasa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, na msimu uliojaza kuliko yote katika kumbukumbu ile ulikuwa wa El Niño, mwaka 1997 na 1998. Baina ya misimu hiyo maji hushuka tu. Mvua ile ambayo twaikumbuka kwa barabara zilizokatika na mashamba yaliyozama ndiyo iliyotia akiba chini ya miguu yetu. Mtu anyweshaye ukoka wake leo yamkini anaunywesha mvua iliyonyesha kabla mtoto wake wa kwanza hajazaliwa, na hapana ajuaye nyingine ya kadiri ile itakuja lini. Kiswahili kina neno la kitu cha namna hii, kitu kilichowekwa mkononi mwa mtu kwa muda na ambacho wengine wana haki nacho. Neno hilo ni amana.

Mwenye ukoka ana jibu lake, nalo si la kupuuzwa. Husema: nalipa ankara yangu kila mwezi, sijaiba tone. Jibu hili lina heshima kwa sababu ni la mtu mwaminifu. Mwizi wa maji, yule aungaye bomba lake usiku, hana haja ya kujibu lolote. Walakini yafaa tuulize ankara hulipia nini. Hulipia pampu, umeme, mabomba, dawa ya kusafishia, na ujira wa fundi achimbuaye barabara saa nane ya usiku bomba lipasukapo. Vyote hivi vina bei. Mvua ya mwaka 1998 haimo katika ankara. Hakuna aliyeiuza, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ameinunua. Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema jambo hili kwa maneno yake: maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na matumizi ya nyumbani yametangulizwa mbele ya mengine. Mwanasheria mwerevu ataniambia ya kuwa ukoka nao uko nyumbani. Namwachia werevu wake.

Yuko na mwingine ambaye hana ankara kabisa, maana amechimba kisima chake mwenyewe. Huyu hujiona yu mbali zaidi na lawama. Mwaka ule ule wa 2018, huko Cape Town, penye nyumba za watu wenye nafasi, vibao vilionekana malangoni vikitangaza ya kuwa bustani hii hunyweshwa kwa maji ya kisima. Kibao kilikuwa cha kweli, na kilimlinda mwenye nyumba asidhaniwe vibaya na wapita njia. Lakini kilibeba dai ambalo mwandishi wake labda hakulipima: ya kuwa maji yakipita chini ya kiwanja changu yamekuwa yangu. Mpaka wa kiwanja hupimwa juu ya udongo kwa kamba na mawe. Chini hakuna kamba wala jiwe la mpaka, na pampu yenye nguvu huyavuta maji yaliyo chini ya jirani bila ya kubisha hodi.

Neno letu bustani lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, ndipo likafika pwani yetu. Na kwa asili maana yake ni mahali pa harufu nzuri. Ni neno la watu wa nchi kavu. Bustani kwao ilikuwa kitu kilichozungukwa na ukuta, kikaletewa maji kwa mfereji uliochimbwa chini ya ardhi kwa jasho la wengi, na kwa sababu hiyo haikuwezekana kuipanda bila ya kujua zamu. Wenzetu wa Oman wana mifereji ya namna hii, nayo huitwa falaji; baadhi yake iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji ya falaji hugawanywa kwa saa na kwa sehemu za saa, na yana utaratibu wake. Yanapofika kijijini hufika kwanza mahali pa kuteka maji ya kunywa. Baadaye huenda msikitini na penye kuogea, ndipo yakaenda mashambani. Na mashambani napo kuna daraja: mitende hutangulia, kwa sababu mti uliokuzwa miaka mingi haufai kupotezwa, na mashamba ya mazao ya msimu hupata kilichobaki, mwaka wa ukame hayalimwi kabisa. Watu waliotuletea neno bustani walikuwa wamekwisha kulijibu swali la nani anywe kwanza. Neno tulilipokea, utaratibu tukauacha bandarini.

Sasa dawa ya ukoka inajulikana, nayo ni kupanda mimea ivumiliayo ukame. Mwaka 1981 watumishi wa mamlaka ya maji ya mji wa Denver, Marekani, waliliundia jambo hili jina kwa kuchukua neno la Kiyunani lenye maana ya kavu, na tangu hapo limekuwa elimu yenye vitabu na walimu wake. Kwetu orodha haikosekani: mshubiri, mkonge, mnyaa, mwarobaini, mkwaju, mbuyu, bogenvilia, na waridi la jangwani lenye shina nene kama chupa. Mtu akiwa ameing'oa nyasi yake na kupanda hii hudhani amekwisha toka katika swali la haki, akakunja mikono. Hapa mimi nashika shati lake na kumwomba asubiri kidogo, kwa maana mimea hii yote huitwa kwa sifa moja, uvumilivu, lakini haiishi kwa tabia moja.

Iko inayojinyima. Mshubiri na mkonge hufunga vitundu vya majani yao mchana, wakati ambapo jua lingewanyang'anya maji, na kuvifungua usiku ili kuvuta hewa waihitajiyo. Gharama yake ni kukua polepole. Mnyaa umekwenda mbali zaidi: umeyaacha majani karibu yote, na matawi yake ya kijani hufanya kazi ya majani. (Apandaye minyaa kuwa ua na akumbuke ya kuwa utomvu wake ni hatari kwa macho, hasa ya watoto.) Iko inayongoja. Mbuyu hupukutisha majani na kusimama uchi sehemu kubwa ya mwaka bila ya kuona haya, na maji yaliyomo shinani mwake husaidia kuchipusha majani mapya mvua ikikaribia. Mkulima wa Kigogo aijua tabia hii katika shamba lake: mtama ukikosa mvua hukunja majani, ukasimamisha kukua, ukangoja; mahindi yakikosa mvua wakati wa kutoa maua, hata ikija baadaye huwa imekuja mazishini.

Na iko inayokwenda kuchukua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko Baringo, Kenya, mti kutoka Amerika ambao wananchi huuita mathenge. Ulipandwa kwa nia njema kabisa: udongo ulikuwa unachukuliwa na upepo, kuni zilikuwa zimekwisha, na mti huu ulisifiwa kwa jambo moja kuliko yote, ya kuwa huvumilia ukame. Sifa ilikuwa ya kweli. Mathenge huvumilia ukame kwa kuzamisha mizizi yake hata ikayafikia maji ambayo miti mingine haiyafikii; mzizi wa mti wa jamaa yake ulikutwa Arizona zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Tajiri naye huvumilia njaa kwa namna hiyo, kwa kuwa ghala lake liko mahali wengine hawafiki. Mti ukastawi, ukaenea, ukafanya vichaka vya miiba visivyopitika, ukafunga njia za mifugo na malisho. Mbuzi walipenda maganda yake matamu, na sukari yake ikawaozesha meno. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo walipeleka malalamiko yao mahakamani Nairobi, na pamoja na mawakili aliletwa mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi. Watu walicheka. Mimi naona ya kuwa hajapata kutokea shahidi aliyelijibu swali letu vizuri kuliko yule mbuzi. Haki yataka niseme pia ya kuwa siku hizi wako wanaochoma makaa ya mathenge na kusaga maganda yake kuwa chakula cha mifugo. Binadamu hujifunza kuishi hata na mgeni aliyekataa kuondoka.

Kwa hiyo kuvumilia ukame peke yake si wema. Ni uwezo, na uwezo hutumika kwa kheri na kwa shari. Lugha yetu ingeweza kutusaidia hapa kama tungeisikiliza, maana haina neno moja tu. Kuvumilia ni kuchukua uzito bila ya kuanguka. Kusubiri ni kungoja. Kujinyima ni kuacha ambacho ungeweza kukitwaa. Na liko neno kukinai, ambalo siku hizi husikika kwa nadra, lenye maana ya kutosheka na ulichopewa hata jicho lisitamani cha mwenzio. Mathenge una uvumilivu wote wa dunia, lakini ukinaifu hauna hata chembe. Mbuyu unao. Mtu achaguaye mimea ya bustani katika nchi kame naona asitosheke na swali wanaloliuliza wauza miche, kama mti huu utapona kiangazi. Na aulize utapona kwa maji ya nani, na mbegu zake zitaishia kwa nani.

Liko jambo jingine linalonitia wasiwasi katika sifa hii, nalo lahusu watu kuliko miti. Mvumilivu hula mbivu, husema methali, na kila mtoto wa shule huiandika katika daftari lake. Methali haielezi ni nani aliyezila mbichi kabla hazijaiva. Tazama ni nani husifiwa kwa uvumilivu, na nani husifu. Mwanamke aliyepanga ndoo yake kwenye foleni ya bomba la mtaa tangu alfajiri huambiwa ya kuwa wanawake wa kwetu ni wavumilivu; anayemwambia hivyo aghalabu ana tangi darini. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara wake kwa wakati huombwa kuvumilia na mtu ambaye mshahara wake umekwisha ingia. Uvumilivu wa mwingine ni sifa rahisi sana kuitoa, kwa kuwa humpunguzia msifu deni. Tunawasifu kwa uvumilivu wale ambao hatuna nia ya kuwapa.

Kosa hilo hilo hufanywa kwa mimea. Mtu hununua miche kumi ya mti uvumiliao ukame, huipanda mwezi wa Juni, huipa kisogo, na mwezi wa Agosti huing'oa mikavu huku akilalamika ya kuwa amedanganywa. Katika kiwanja kimoja huko Dodoma nilimkuta mzee mmoja, mtunza bustani, akipanga mawe kuzunguka miche ya mikwaju na kuijazia majani makavu shinani. Nilimwuliza, "Mzee, si miti hii haitaki maji?" Alinitazama kama mtu atazamavyo msomi, kwa heshima iliyochanganyika na huruma, akasema, "Mwalimu, mtoto wa maskini naye hunyonya." Kisha akanieleza utaratibu wake. Shimo huchimbwa kabla ya mvua, lipate kunywa kwanza lenyewe. Mche hupandwa mvua za kwanza zikiingia, na udongo huwekwa kama sahani ili tone lisitoroke. Kiangazi cha kwanza mche hupewa maji ya kuoshea vyombo, yale ya kusuuza yasiyo na mafuta wala sabuni nyingi, kila siku ya tatu. Kiangazi cha pili kila wiki, kidogo lakini taratibu, yazame chini ili mizizi iyafuate huko. Kiangazi cha tatu huachwa. "Hapo umekwisha kuwa mtu mzima," alisema, "ukiendelea kuumwagilia unauharibu."

Watu wetu husema mbuyu ulianza kama mchicha, na kwa kawaida huisema methali hii ili kumtia moyo mwenye kidogo. (Kuzunguka mbuyu, ambako nako kuna maana yake mjini, si jambo la insha hii.) Mzee yule alinifanya niisikie upya. Kama mbuyu ulianza kama mchicha, basi ulikuwa na siku zake za kutaka maji kama mchicha, na yuko aliyeupa, awe mtu au mwaka wa mvua njema. Uvumilivu hulelewa kwanza, ndipo ukaweza kudaiwa. Tofauti ya bustani ya haki na ile ya ukoka haiko katika kutoa au kutotoa maji. Iko katika kuwa ya kwanza hunyweshwa hata ikafika siku ya kuachishwa, ilhali ya pili huwekwa katika utoto wa milele, na mwenyewe akijisifu kwa utunzaji.

Nimefika mahali ambapo mtu mkali wa maadili angefurahi na kusema: basi maua yapigwe marufuku, tupande mtama hadi mlangoni. Sikubaliani naye. Mtu hahitaji maji ya kunywa peke yake. Huhitaji pia kitu cha kutazama akitoka katika kazi yake, na maskini huhitaji zaidi, kwa kuwa vingine hana. Nyumba nyingi za udongo zina bati la maziwa lililotobolewa na kupandwa ua. Atakayemwendea mwenye bati lile na hesabu zangu za milimita amekosa adabu, na mimi simo.

Shida yetu ni kwamba uzuri tumejifunza kuusoma kwa lugha moja. Mimi hufundisha fasihi, nami nakiri ya kuwa bustani ya ushairi wetu ni ya pwani: asumini, waridi, mlangilangi, mkilua, kikuba kilicholowa umande. Hayo ni maua ya nchi ambayo mvua yake hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Ukavu hatukuupa heshima hiyo. Mtu asiye na haya twamwita mkavu wa macho, maneno yasiyo na huruma ni makavu, kilichokufa kimekauka. Haishangazi basi kwamba mtu aliyelelewa na lugha hii, akitazama uwanja wa Dodoma mwezi wa Septemba, haoni kitu, huona upungufu. Huona kwamba kijani hakipo. Ni kama mtu asiyejua kusoma Kiarabu anavyouona ukurasa wa Kiarabu: huona wino.

Lakini ukurasa ule una maandishi. Waridi la jangwani hutoa maua yake mekundu katikati ya kiangazi, mara nyingi bila ya jani hata moja, na wekundu wake huonekana kwa sababu hapana kijani cha kuufunika. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, likatembelewa na popo usiku, na kesho yake likawa limekwisha. Anayetaka kuliona sharti aache usingizi. Mishubiri ikichanua huinua mienge yake wakati ambapo chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, hana pengine pa kwenda. Miti mingi ya bara huchipua kabla ya mvua, si baada yake, na yeyote aliyekaa huko mwezi wa Novemba, joto likiwa limefika ukingoni na mawingu hayajafanya neno, ameona kijani chepesi kikitokea juu ya matawi yaliyodhaniwa kufa. Uzuri huo haupungui ule wa asumini. Ila haujapata washairi wa kutosha, na hilo si kosa la miti.

Hata hivyo siwezi kusema ya kuwa asumini lifungiwe pwani. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu mfano wa kubuni. Mama mmoja, mzaliwa wa Tanga, mtu mzima, amehamia Dodoma kwa mwanawe aliye mtumishi wa serikali. Hana ukoka wala waridi. Amepanda mwasumini mmoja chini ya dirisha lake, naye huunywesha maji ya kutawadha, ambayo huyakinga kwa beseni kila wakati wa sala. Je, amekosa?

Wengi walisema hajakosa lolote: maji yale yamekwisha kutumika, na yangemwagwa. Mmoja alisema hata hivyo yangeweza kupewa mkwaju, ambao ungewapa kivuli na ukwaju watu wa mtaa mzima, na tena kwa viangazi viwili tu. Mwingine alimjibu kwa ukali ya kuwa mama yule ameacha bahari, ndugu na makaburi ya wazee wake, na kwamba mtu anayemhesabia beseni la maji hajui kuhesabu. Mabishano yakawa marefu, na nilifurahi kuyasikiliza, kwa maana kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa upande wa mama. Ndipo msichana mmoja, mwenyeji wa Kongwa, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza jambo ambalo sikuwa nimelitia katika mfano wangu. Aliuliza itakuwaje mwanawe akihamishwa kazi. Walisema mama atachukua kipandikizi aende nacho. Akauliza tena, na shina litakalobaki chini ya dirisha, ambalo limezoezwa kunywa mara tano kwa siku, litapewa na nani, na mpangaji ajaye akilikuta linanyauka, atakuwa na deni nalo au hana? Mkwaju usingeuliza hivyo, alisema. Wa upande wake walipiga makofi, wa upande wangu wakaanza kusema wote kwa pamoja, na saa ya kipindi ikawa imekwisha.